Rosti ya bia Lushoto: pombe imeisha kweli?

Umekaa zako Lushoto mjini, baridi inauma, umeagiza rosti ya ng'ombe. Inakuja tamu balaa. Unamuuliza mpishi siri yake, anacheka: "Nimeweka bia dada, ila usiogope, pombe yote imeruka na mvuke."

Hapo kwenye "yote" ndipo penye tatizo.

Ni kweli pombe huchemka mapema, nyuzi 78 za Selsiasi, wakati maji yanasubiri hadi 100. Lakini ikishachanganyika na mchuzi haitoki peke yake. Inatoka taratibu pamoja na maji, na nyingine inabaki sufuriani. (Mlima nao haubadilishi sana. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva. Lakini huku juu pombe nayo huchemka mapema zaidi.)

Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili na kutoa matokeo mwaka 1992. Chakula kikichemka na pombe kwa dakika 15, asilimia 40 inabaki. Nusu saa, 35. Saa nzima, 25. Hata baada ya saa mbili na nusu, 5 bado imo. Na ukiimimina kwenye mchuzi wa moto kisha ukaepua hapohapo? Asilimia 85.

Sasa tupige hesabu ya rosti yetu. Chupa moja ya mililita 500, imechemka saa nzima, wamekula watu watano. Kila mmoja amepata pombe sawa na iliyomo kwenye mililita 25 za bia, yaani kama vijiko viwili vya chakula. Hakuna atakayelewa, na dereva anayeshuka kona za Soni kwenda Mombo hana cha kuhofia kwa sahani hiyo. Ila mpishi mwenye haraka akiimwaga mwishoni, kila sahani inabeba mililita 85. Akitumia divai, kama ile ya watawa wa Sakharani, ni zaidi ya mara mbili, maana divai kwa kawaida ina pombe asilimia 12 hivi na bia 5.

Kwa hiyo ulevi siyo hoja. Hoja ni nani anakula. Wilaya hii ina Waislamu wengi, na kwa Mwislamu suala haliishii kwenye asilimia iliyobaki. Kule kutia pombe kwenye chakula tu kunatosha kukiharibu. Yupo aliyeacha pombe kwa shida, hataki hata harufu yake. Yupo mjamzito, na yupo anayemeza Flagyl aliyeambiwa asiguse kilevi. Hao wote wanaweza kuletewa sahani ileile, na kwenye menyu imeandikwa "rosti spesho".

Binafsi sioni kosa kupika na bia. Nyama inalainika, ladha inakolea. Kosa ni mteja kuambiwa akishamaliza kula. Neno moja kwenye menyu, "bia", lingemaliza mjadala, na sidhani kama lingefukuza wateja.

Mpaka hapo, uliza kabla ya kuagiza: imewekwa nini, na imekaa jikoni muda gani? Mhudumu akianza kuangalia pembeni, agiza ugali maharage.