Kabla hujanyoosha kidole

Mwezi jana nusura pua ya simba inivunjie amani ya ndani.

Tulikuwa tunamtengenezea mtoto kinyago cha igizo la shule. Baba watoto akafinyanga pua kwa udongo, akaimwagia plasta, ikatoka kalibu safi. Akachanganya silikoni, ile ya chupa mbili, nusu kwa nusu. Mimi nikavaa glavu zangu za mpira, nikaipaka ndani ya kalibu kwa vidole.

Asubuhi pua inanata kama bablishi! Nikamwakia: “Umekosea vipimo!” Akanyamaza. Siku mbili tunapishana koridoni bila kusemeshana.

Ya tatu nikaichunguza. Katikati ilikuwa imekaza vizuri. Iliyonata ni pale nilipopapasa tu. Vipimo vingekosewa, ingenata yote. Nikasoma karatasi ya maelezo: silikoni inayogandishwa kwa platinamu haipatani na salfa, na glavu za mpira huwa nayo. Mkosaji mimi!

Nikamwomba radhi. Tukarudia kwa glavu za plastiki, tukijaribu kijiko kimoja kwanza. Sasa pua ukiibonyeza inarudi yenyewe.

Mpenzi, kabla hujamnyooshea mwenzio kidole, angalia kimevaa nini.