Umeishi wapi miaka 10 iliyopita? Swali linalowachelewesha wanandoa kuungana

Mume akiwa Canada au Marekani na mke akiwa Arusha, mazungumzo ya simu huhusu zaidi ada, tiketi na siku ya usaili. Wachache huzungumzia ukurasa wa fomu unaouliza jambo linaloonekana jepesi: umeishi wapi?

Fomu ya Canada humtaka anayedhaminiwa aorodheshe kila mahali alipoishi kwa miaka 10 iliyopita, au tangu alipotimiza miaka 18 kama miaka hiyo 10 haijafika. Orodha isiwe na pengo la miezi, na sanduku la posta halikubaliki. Marekani huanza kwa kuuliza makazi ya miaka 5 kwenye fomu ya mwenza. Baadaye, kwenye ombi la viza lenyewe, huuliza kila makazi tangu umri wa miaka 16.

Hapo ndipo wengi hukwama. Anwani iliyozoeleka kwa miaka mingi ni S.L.P., mara nyingi ya shule, ya kanisa au ya mwajiri wa baba. Nyumbani huelekezwa kwa mdomo: shuka kituoni, panda na barabara ya vumbi, ukipita mashine ya kusaga ulizia kwa mama fulani.

Chukua mfano wa binti wa miaka 29 aliyekulia Poli, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Alisoma chuo Dodoma miaka 3, akarudi akapanga chumba Kijenge, akahamia Sakina, akafanya kazi Nairobi miezi 8, kisha akarudi kwa wazazi kusubiri kumfuata mumewe Canada. Akijaza "Arusha" kwa miaka yote 10, hajakusudia kudanganya. Lakini cheti cha chuo kitasema Dodoma, na mihuri ya pasipoti itasema Kenya. Ofisa anayesoma faili hamjui. Anachoona ni karatasi zinazopingana.

Miezi hiyo 8 ya Nairobi ina uzito wake. Canada huhitaji cheti cha polisi kutoka kila nchi ambako mwombaji aliishi miezi 6 au zaidi mfululizo katika miaka 10 iliyopita, akiwa ametimiza miaka 18. Marekani huhesabu miezi 12 kwa nchi isiyo ya uraia wake aliyowahi kuishi zamani. Kwa hiyo binti huyu, pamoja na cheti cha tabia njema cha Polisi Tanzania, atahitaji pia cha Kenya. Asiyeorodhesha Nairobi hawezi kujua kwamba anadaiwa karatasi hiyo, na faili litasimama hadi aulizwe.

Kazi ya kukumbuka ianze kwenye daftari la kawaida, si kwenye fomu. Andika miaka, kisha miezi, kisha mahali. Bweni la chuo ni makazi. Miezi 4 kwa shangazi Ngaramtoni baada ya kuachishwa kazi ni makazi pia. Panapokosekana kumbukumbu, tafuta karatasi yenye tarehe: mkataba wa kazi, matokeo ya chuo, ujumbe wa kumlipa mwenye nyumba kodi kwa simu, bili ya maji, hata kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi hiyo huonyesha zahanati na tarehe za chanjo, na mama wengi hukumbuka walikuwa wakiishi wapi pale walipompeleka mtoto kupimwa uzito.

Ushahidi wa upangaji ni mgumu zaidi. Vyumba vingi hupangishwa kwa maneno, kodi ikitolewa ya miezi 6 kwa mkupuo, na mita ya LUKU ikiwa kwa jina la mwenye nyumba. Njia ya kawaida ni barua ya ofisa mtendaji wa mtaa au kijiji, ambaye huthibitisha kwa kutumia daftari la wakazi na maelezo ya mwenyekiti au balozi. Mtendaji huandika kuhusu eneo lake tu. Aliyekaa Poli, Kijenge na Sakina atahitaji milango mitatu, na ni vema aende na kitambulisho cha NIDA na mtu anayemfahamu pale. Barua ya Kiswahili itafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayeweza kuithibitisha kwa sahihi yake.

Yako pia mambo mawili ya Arusha yanayochanganya. La kwanza ni jina Arumeru. Mwaka 2007 halmashauri yake iligawanywa kuwa mbili, ya Meru na ya Arusha, na hii ya pili si Jiji la Arusha. Cheti cha zamani kinaweza kusema Arumeru, barua ya kijiji ikasema Halmashauri ya Wilaya ya Meru, na pasipoti ikasema Arusha, ilhali ni nyumba ileile ndani ya migomba. Maelezo ya mistari miwili yaliyoambatanishwa humsaidia msomaji wa faili.

La pili ni namba za nyumba. Operesheni ya Anwani za Makazi ilizinduliwa Februari 2022, kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo, na ndipo mitaa mingi ilipopata majina ya barabara na vibao. Postikodi ina tarakimu 5, na za Mkoa wa Arusha huanza na 23. Anayeeleza alikoishi mwaka 2018 asibuni namba ambayo haikuwapo. Aandike mtaa, kata, wilaya na alama ya karibu, na aeleze kuwa nyumba haikuwa na namba wakati huo.

Kubuni ndiko kunakoumiza familia. Vishoka wa fomu hupenda kuziba pengo kwa anwani yoyote ili ukurasa ujae. Canada humfungia miaka 5 anayekutwa ametoa maelezo ya uongo yenye uzito. Uingereza inaweza kumkatalia hadi miaka 10, na Marekani inaweza kumzuia maisha yote asipopata msamaha maalumu. Sahihi kwenye fomu ni ya mwombaji, si ya kishoka.

Wengine huficha makazi kwa sababu ya nyumbani zaidi kuliko ya ubalozini. Miaka 2 ya Sombetini ilikuwa na mwanamume mwingine, au iko nyumba Usa River analelewa mtoto ambaye mume mpya hajaambiwa. Mtoto asiyetajwa kwa Canada wakati wa ombi la mzazi anaweza kupoteza haki ya kudhaminiwa na mzazi huyo baadaye. Mazungumzo hayo yafanyike kati ya wawili kabla fomu haijatumwa. Ni magumu, lakini kuyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa ofisa wa viza ni magumu zaidi.

Wanaoishi pamoja bila ndoa wachunge hesabu. Sheria ya Ndoa ya 1971 hudhania ndoa baada ya miaka 2 ya kuishi kama mke na mume. Canada humtambua mwenza wa aina hiyo baada ya miezi 12 mfululizo chini ya paa moja, na hutaka ushahidi wa anwani ya pamoja. Ukweli kwamba majirani wote wanajua hautoshi.

Upande wa afya nao hufuata saa yake. Cheti cha kifua kikuu kinachotakiwa na Uingereza kwa anayetoka Tanzania kukaa zaidi ya miezi 6 hudumu miezi 6. Uchunguzi wa afya wa Canada hudumu miezi 12. Faili likisimama kwa sababu ya anwani iliyosahaulika, vipimo huisha muda na gharama hurudi upya.

Orodha ikikamilika, kila mmoja abaki na nakala. Fomu ya pili na usaili vitauliza tena, na majibu lazima yafanane. Anayehama chumba wakati akisubiri aandike tarehe siku hiyohiyo, na kabla hajaondoka apitie kwa mtendaji kuchukua barua.