Karatasi za askari wa zamani: nani aulizwe?



Kati yetu nani asiyejua dirisha la biro? Mutu anafika saa kumi na mbili ya asubui, anasimama katika mustari, na saa tano anafika mbele ya kalani. Kalani anageuza karatasi zake mara mbili na kusema: inakosekana moja. Mutu anarudi kuitafuta ile moja. Siku anapoileta, wanamwambia kwamba ile ya kwanza imekwisha wakati. Hatutaji biro yoyote, maana kila musomaji anaweza kuweka hapo jina la biro anayoijua yeye.

Leo tunataka kusema habari ya inchi ingine, ndiyo Marekani, na ginsi wanavyotengeneza karatasi za askari wao wa zamani. Hatuileti kwa kusifu wageni. Tunaileta kwa sababu kule kuna ulizo moja ambalo sisi hatujaulizwa bado, na tunataka kuulizwa.

Katika inchi ile kuna sheria iliyotungwa mwaka 1980 na kutengenezwa tena mwaka 1995. Kazi yake ni kuzuia serikali isichokeshe watu kwa makaratasi. Inasema hivi: biro yoyote ya serikali kuu ikitaka kuuliza watu kumi ao zaidi maulizo yaleyale, haiwezi kuchapa karatasi na kuanza tu. Kwanza itangaze katika gazeti la serikali, liitwalo Federal Register, kwamba inataka kuuliza nini, inauliza nani, na mutu atapoteza dakika ngapi kwa kujibu. Kisha inangoja siku 60. Katika siku hizo mutu yeyote, akiwa askari, mujane, munganga ao mupita njia, anaweza kuandika maoni yake: kama maulizo haya yana lazima, kama hesabu ya dakika ni ya kweli, kama maneno yanaeleweka, kama kuna njia ya kupunguza taabu. Nyuma ya hayo karatasi inapelekwa kwa ofisi ingine iliyo chini ya Raisi, na watu wanapewa siku 30 tena za kusema. Ikikubaliwa, inapewa namba. Zile za idara ya askari wa zamani zinaanza na 2900. Ruhusa haipiti miaka 3. Ikiisha, lazima kuomba upya na kuuliza watu upya. Na kama karatasi haina namba halali, hakuna anayeweza kumupa mutu azabu kwa sababu hakuijaza.

Angalieni hili jambo la dakika. Karatasi kubwa ya kuombea malipo ya kilema ao ugonjwa uliotoka katika kazi ya uaskari, yenye namba 21-526EZ, ilihesabiwa dakika 25. Dakika 25! Sisi tunaojua ginsi muzee anavyotafuta miwani, kisha anatafuta mutoto wa shule wa kumusomea, kisha anafungua sanduku lote ili apate cheti cha kuachishwa kazi, tunacheka kidogo. Pengine wazee wa Marekani nao wanacheka. Lakini hesabu ile imeandikwa mbele ya watu wote, na mutu ana ruhusa ya kujibu kwamba si kweli. Hesabu ya masaa ya dirisha letu iliandikwa wapi?

Musomaji atauliza: maoni yale yanabadilisha kitu, ao ni maneno ya kufurahisha watu tu? Tuchukue jambo moja lililotokea. Zamani askari wa Marekani aliweza kuandika barua yoyote, hata juu ya kipande cha karatasi, akisema kwamba anaomba malipo. Kama alileta ombi kamili katika mwaka uliofuata, siku ya barua ile ndiyo siku ambayo malipo yake yalianzia kuhesabiwa, hata kama kesi ilichukua miaka mingi. Basi tarehe ilikuwa mali. Katika mwezi wa 10 wa mwaka 2013 idara ilitangaza kwamba inataka kuacha barua hizo: kila mutu atumie karatasi zilizochapwa na idara. Tena katika mpango ule wa kwanza, mwenye kuanza ombi kwa kompyuta angelinda tarehe yake hata kama hajamaliza kulijaza, lakini mwenye kutumia karatasi na posta asingepata faida ile. Wakubwa walitaka kusukuma watu waingie katika mashine.

Vyama vya askari wa zamani na watu wengine wakaandika maoni. Wakasema: na muzee wa kijijini asiye na mashine, yeye atapoteza miezi yake kwa kosa gani? Na asiye na nyumba? Na yule ambaye kichwa chake kiliharibika katika vita? Sheria ilitoka katika mwezi wa 9 wa mwaka 2014, ikaanza kazi katika mwezi wa 3 wa mwaka 2015. Barua za zamani ziliachwa kweli. Juu ya hilo watu walishindwa. Lakini idara iliweka njia mupya: mutu anatoa neno kwamba anakusudia kuomba, kwa karatasi, kwa mashine ao kwa simu, na tarehe yake inalindwa mwaka muzima. Mwenye posta akawa sawa na mwenye mashine. Hakuna aliyetupa jiwe. Watu waliandika, wakangoja, na serikali ikalazimishwa kujibu maneno yao.

Lakini musifikiri kwamba kule ni paradiso. Mara nyingi siku 60 zinapita na hakuna hata mumoja aliyeandika, kwa sababu gazeti lile la serikali linasomwa na mabwana wa sheria, hapana na mutu anayetoka kazini usiku. Na tena kuna jambo ambalo hakuna karatasi inayoweza kulitengeneza yenyewe. Nyuma ya vita ya pili, sheria ya mwaka 1944 iliahidi askari wote waliorudi musaada wa shule na wa mukopo wa nyumba. Sheria haikutaja rangi ya ngozi. Lakini mikopo ilipita katika mikono ya mabanki na ya wakubwa wa kila jimbo. Katika jimbo la Mississippi, hesabu iliyofanywa mwaka 1947 ilionyesha mikopo zaidi ya 3,000 iliyotolewa kwa askari waliorudi, na miwili tu ndiyo iliyofika kwa watu weusi. Karatasi ilikuwa moja kwa wote, lakini mikono iliyoipokea ilitenga watu. Basi sisi tunaoomba karatasi nzuri, tuombe pia kujua nani anakaa nyuma ya dirisha.

Na moto je? Tarehe 12 ya mwezi wa 7 mwaka 1973, nyumba ya kuwekea vitabu vya askari iliwaka moto karibu na muji wa St. Louis. Mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliungua. Kati ya askari wa nchi kavu walioacha kazi tangu 1912 mupaka 1960, mafaili 80 katika kila 100 yalipotea. Wale watu waliambiwa nini? Hawakuambiwa kwamba hawakupigana. Serikali ilifanya karatasi ya kutafuta habari upya: wanakubali vitabu vya mishahara, ripoti za kila asubui za kikosi, barua za wakati ule, na maneno ya wenzake waliomwona. Tena kuna kanuni katika sheria yao: kama ushahidi wa pande mbili uko sawa katika mizani, mashaka yanamuangukia askari kwa faida yake. Maneno haya tungependa yabandikwe juu ya kila dirisha la inchi yetu. Hapa mashaka yanaangukia siku zote yule aliyesimama katika mustari.

Sasa tufike kwa jambo linalotugusa sisi watu wa Katanga ndani ya mifupa. Watumishi wa migodi wanajua jina la Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kutoka shimo lile kulitoka sehemu kubwa ya uraniumu ambayo Marekani waliitumia katika kazi ya bombe ya atomike wakati wa vita. Tani zaidi ya 1,000 zilikuwa zimekwisha kufika New York tangu mwaka 1940, mbele hata ya Wamarekani kujua watazifanyia nini. Tarehe 6 ya mwezi wa 8 mwaka 1945 dunia yote ikajua.

Nyuma yake Wamarekani walijaribu mabombe mengine mengi, katika jangwa la Nevada na katika visiwa vya bahari kubwa. Askari wao zaidi ya 200,000 walikuwa karibu, na mupaka mwaka 1962 kazi ile iliendelea. Waliapishwa wasiseme. Mutu aliugua kansere na hakuweza kumwambia hata munganga wake fasi aliyosimama siku ile. Kiapo kile kilifunguliwa mwaka 1996 tu. Fikirini: karatasi inauliza, ulipata ugonjwa huu wapi? Na sheria inasema, ukijibu utafungwa. Ni katika mwaka 1988 Bunge lao lilikubali kwamba kama askari alikuwa pale na ana kansere ya namna fulani, asiombwe tena kuonyesha kwamba bombe ndiyo iliyomupa. Kuwa pale kunatosha. Na wale waliotumwa kusafisha uchafu wa mabombe katika kisiwa cha Enewetak, tangu 1977 mupaka 1980, waliongezwa mwaka 2022.

Mwaka 1990 walitunga sheria ingine ya kulipa, na ile ilitaja pia wachimbaji wa uraniumu: dola 100,000 kwa muchimbaji aliyepata ugonjwa wa mapafu. Wengi wao walikuwa Wanavajo, wenyeji wa inchi ile tangu zamani. Na hapo tena karatasi ikasimama mulangoni: wajane walioolewa kwa desturi ya wazee wao walipata taabu kuonyesha cheti cha ndoa. Wamama wetu wataelewa hii bila sisi kuongeza neno. Sheria ile ilifika mwisho katika mwezi wa 6 wa mwaka 2024, kisha ikarudishwa katika mwezi wa 7 wa mwaka 2025 na malipo makubwa zaidi.

Lakini inalipa wachimbaji wa majimbo ya Marekani tu. Mutu wa Shinkolobwe aliyebeba jiwe lilelile kwa mikono yake hakuandikwa ndani. Mugodi ulifungwa mwaka 1960; waliobaki kati yao ni wachache sana, lakini wajane na watoto wako. Hakuna aliyewatangazia siku 60 wala siku moja.

Na askari wetu wenyewe? Force Publique iliingia Tabora katika mwezi wa 9 wa mwaka 1916. Katika mwezi wa 7 wa mwaka 1941, jenerali wa Waitalia alijitoa kwao kule Saio, katika inchi ya Ethiopia. Wengine walifika mupaka Burma kuchunga wagonjwa wa vita. Katika mwezi wa 6 wa mwaka 2022 Philippe, mufalme wa Wabelgiji, alimupa medali koplo Albert Kunyuku mbele ya watu kule Kinshasa, muzee wa miaka 100. Tulifurahi kuona. Lakini tunahesabu: tangu mwisho wa vita ile mupaka siku ya medali ni miaka 77. Wangapi walikufa katikati, na kitabu cha kikosi ndani ya sanduku?

Hatuombi mambo ya ajabu. Biro ikitaka kuweka karatasi mupya ya pensioni, ya ujane ao ya ugonjwa wa kazi, ibandike mufano wake kwenye mulango wa komine na isomwe katika radio kwa Kiswahili na kwa luga zingine za watu, siyo Kifransa peke yake, na wangoje siku 60. Juu ya karatasi ichapwe tarehe ya mwisho wake, na bei yake, ili kalani asivumbue bei ingine siku ya ijumaa. Fasi vitabu vilipopotea ao kuungua, na zimepotea nyingi katika vita na kuhama kwetu, maneno ya wazee wawili waliofanya kazi pamoja na mutu yakubaliwe. Mujane wa ndoa ya desturi asirudishwe. Na siku mutu anapotoa ombi lake la kwanza, hata kama halijakamilika, apewe karatasi yenye tarehe na muhuri. Zaidi ya watumishi 10,000 waliacha kazi ya Gécamines kwa mupango wa mwaka 2003; waulizeni wao kama tarehe na muhuri ni mambo madogo.

Wakati tunangoja, kuna kazi ya nyumbani. Kitabu cha kazi cha babu, namba yake ya kikosi, kadi ya lupitalo ya mugodi, picha yenye jina la kamanda nyuma: visitumiwe kuwashia moto wala kufungia karanga. Mutoto anayejua kuandika akae karibu na muzee na kumuuliza: ulianza mwaka gani, shimo gani, nani alikuwa kapita wako, nani aliugua pamoja nawe? Aandike majibu, aweke tarehe, muzee atie kidole, na majirani wawili watie majina yao chini.