Tuhesabu Aina, Si Miche Tu

Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mgodi wa Golden Pride, Nzega, ulifungwa mwaka 2014. Wa Geita nao utafika siku yake. Dhahabu haioti tena, bali ardhi iliyochimbwa yaweza kuoteshwa. Tutajuaje kuwa imepona?

Kutaja idadi ya miche hakutoshi. Tuchukue mfano wa viwanja viwili, kila kimoja kina mimea 100 ya aina 5. Cha kwanza kina mimea 20 ya kila aina. Cha pili kina mikaratusi 96, na aina nyingine mmoja mmoja. Ukichagua mimea miwili kwa bahati nasibu, uwezekano wa kupata aina tofauti katika cha kwanza ni asilimia 81. Katika cha pili ni asilimia 8 tu. Mikaratusi ikishambuliwa na ugonjwa, kiwanja hicho kitabaki uchi.

Udongo unaochukuliwa na mvua katika bonde la ziwa mwisho wake ni majini, wanamozaliana samaki wanaowalisha ndugu zetu wa Kome na Ukerewe. Hivyo jambo hili lawahusu wao pia.

Twawahimiza maofisa wanaohusika: kabla ya kuidhinisha ufungaji wa mgodi wowote, pimeni viwanja, hesabuni kila aina, linganisheni na miombo ya jirani isiyochimbwa, na mrudie hesabu hiyo mwaka hadi mwaka.