Punguzo la nauli: Kanuni ziandikwe kabla ya reli mpya kufika Malaba

SERIKALI za Kenya na Uganda zinapopania kuunganisha reli ya kisasa mpakani Malaba, mjadala umetawaliwa na mambo mawili: gharama ya ujenzi na shehena itakayobebwa. Suala la nauli ya abiria, hususan nani atakayepunguziwa na kwa kanuni zipi, halijapewa uzito unaostahili.

Kwa wakazi wa Kaunti ya Busia, suala hilo si dogo. Malaba imo katika kaunti yao, na kwa miaka mingi mabehewa ya mizigo yamepita hapo yakielekea Tororo na Kampala. Lakini mkazi wa Budalang'i, upande wa kusini wa kaunti iyo hiyo, hulazimika kusafiri kwa matatu na bodaboda kupita mji wa Busia ili kuifikia reli hiyo. Akishafika, hakuna treni ya abiria yenye ratiba ya kawaida ya kumpeleka Nairobi.

Kinaya ni kwamba reli ilikusudiwa kufika pande za Budalang'i tangu mwanzo. Upimaji ulioongozwa na Kapteni J.R.L. Macdonald mnamo 1892 ulipendekeza reli kutoka Mombasa iishie katika Ghuba ya Berkeley, pembezoni mwa Ziwa Victoria, karibu na ulipo mji wa Port Victoria hivi leo. Baadaye njia fupi zaidi ilichaguliwa, na reli ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Njia ya kupitia Eldoret na Malaba ilijengwa miaka mingi baadaye, nayo ikafika Kampala mnamo 1931.

Hata hivyo, kuikosa reli hakujawaondolea wananchi hao mzigo wa kuilipia. Tangu 2013, ada ya maendeleo ya reli imekuwa ikitozwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje ya nchi. Mvuvi wa Port Victoria anaponunua injini ya mashua iliyotengenezwa ng'ambo, au mkulima wa mpunga wa Bunyala anaponunua pampu, sehemu ya fedha zake huishia katika hazina ya reli. Huchangia sawa na mkazi wa Nairobi ambaye stesheni iko karibu naye. Ndiyo maana swali la nani apunguziwe nauli ni swali la haki, wala si la hisani.

Kwa sasa, nafuu inayojulikana wazi katika treni ya Madaraka Express, baina ya Nairobi na Mombasa, ni ile ya watoto. Walio chini ya miaka mitatu husafiri bure, na wenye umri wa miaka mitatu hadi 11 hulipa nusu. Kenya haina kadi ya kitaifa ya punguzo la nauli ya treni kwa wanafunzi, wazee na watu wenye ulemavu, mfano wa zile zinazotumika Uingereza.

Pengo hilo lilionekana bayana Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida ilipopanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500, na ya daraja la kwanza kutoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Shirika la Reli lilitaja kupanda kwa bei ya mafuta. Ongezeko lilikuwa asilimia 50 kwa kila abiria, awe mfanyabiashara au mwanafunzi wa chuo, kijana mwenye afya au mzee anayekwenda hospitalini. Mfumo usiotofautisha uwezo wa abiria huwaumiza zaidi walio wanyonge kila nauli inapopanda.

Katika enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nafuu za aina hii hazikuwa jambo geni. Wafanyakazi wa reli walikuwa na pasi za kusafiria wakati wa likizo, na wanafunzi wa shule za bweni pamoja na watumishi wa serikali walisafiri kwa waranti. Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka wa 1977, reli iligawanywa, na Malaba, iliyokuwa stesheni ya kupitia tu, ikawa mpaka wa mashirika mawili yenye kanuni mbili.

Lakini kuwa na punguzo ni jambo moja, na kuwa na kanuni zinazoeleweka ni jambo jingine. Uingereza, ambayo imetumia kadi za nauli nafuu kwa miongo kadhaa, inatoa funzo la kutosha.

Huko, kadi nyingi za aina hiyo hupunguza nauli kwa thuluthi moja. Tangu Machi 2025, nyingi kati yake huuzwa kwa pauni 35 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba abiria hana budi kusafiri safari za nauli ya zaidi ya pauni 105 kabla kadi haijaanza kumfaidi. Anayesafiri mara moja kwa mwaka kwa nauli ndogo hupata hasara.

Fauka ya hayo, kadi ya vijana wa umri wa miaka 16 hadi 25 ina sharti la kiwango cha chini cha nauli cha pauni 12 kwa tiketi nyingi za safari za kabla ya saa nne asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa Julai na Agosti. Mnamo Oktoba 2024, kampuni ya Northern ilitishia kumshtaki kijana mmoja kwa sababu ya tofauti ya pauni 1.90 baada ya kutumia kadi hiyo asubuhi. Tiketi yenyewe aliuziwa kupitia simu, na mfumo haukumzuia. Malalamiko yalipozidi, kampuni iliondoa tishio hilo, na mamlaka ya kusimamia reli ikaagizwa ichunguze jinsi abiria wanavyoshughulikiwa. Ripoti yake ilitolewa Juni 2025, ikitaka abiria waliokosea bila nia mbaya wasiadhibiwe kupita kiasi.

Miezi michache kabla ya kisa hicho, Agosti 2024, Hakimu Mkuu Paul Goldspring alikuwa ametangaza kuwa kesi zipatazo 74,000 za nauli zilizoendeshwa kwa utaratibu wa mkato zilikuwa batili kwa kukosa msingi wa kisheria. Kesi hizo hazikuhusu kadi za punguzo pekee, lakini zilidhihirisha hatari ya kampuni kutumia mkono wa sheria kwa pupa.

Ikumbukwe kwamba katika mizozo ya aina hii, mfanyakazi wa reli naye huwa mateka wa kanuni. Mkaguzi wa tiketi hakuandika sharti la saa nne asubuhi, wala hakuunda mfumo uliouza tiketi isiyofaa. Hata hivyo, yeye ndiye hukabiliana na abiria mwenye hasira ndani ya behewa. Akilegeza, anaonekana mzembe. Akikaza, anaitwa katili. Pale ambapo kanuni haieleweki, nafuu hugeuka kuwa hiari ya aliye mlangoni, na hiari ya namna hiyo ni mlango wa upendeleo.

Tanzania inatoa funzo la aina mbili. Katika reli yake mpya, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mnamo Juni 2024, nauli hupangwa na mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, na kutangazwa kwa umma kwa kiwango cha kila kilomita. Watoto wa miaka minne hadi 12 hulipa nusu, na walio chini ya minne hawalipi. Abiria anaweza kukokotoa mwenyewe anachodaiwa.

Funzo la pili ni chungu. Katika daladala za nchi hiyo, wanafunzi hulipa nauli ndogo kuliko watu wazima, lakini tofauti hiyo huachiwa mwenye gari. Matokeo yake ni malalamiko ya miaka mingi kuhusu makondakta wanaowaacha wanafunzi vituoni na kuwachukua watu wazima. Punguzo lisilo na mlipaji humfanya anayestahili kusaidiwa kuwa abiria asiyetakikana.

Tofauti za umri nazo si za kupuuzwa. Mtoto wa miaka 12 hulipa nauli kamili akitoka Nairobi kwenda Mombasa, ilhali angelipa nusu kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Uganda nayo ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi mnamo Oktoba 2024 wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Reli hizo zitakapokutana, familia moja inaweza kujipata na kanuni mbili katika safari moja. Kifungu cha 91 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 kinazitaka nchi wanachama kuratibu huduma zao za reli, na umri wa mtoto ni mahali pepesi pa kuanzia.

Hapa ndipo wapenzi wa reli wana mchango ambao aghalabu hudharauliwa. Watu hawa huonekana kama wenye mapenzi ya ajabu kwa vyuma vikuukuu, kama ile injini ya mvuke ya Mount Gelai iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, lililoanzishwa mnamo 1971. Lakini ndio pia hutunza ratiba za kale na majedwali ya nauli, na ndio husoma masharti madogo ambayo abiria wa kawaida hayasomi. Shirika likiwaalika kuyakagua masharti kabla hayajachapishwa, litabaini mapema yale yanayokanganya.

Wapo watakaohoji kwamba reli yenye mzigo wa madeni haiwezi kumudu nafuu zaidi. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake si kufunga mlango. Serikali inaweza kulifidia shirika waziwazi kutoka kwa bajeti, na punguzo linaweza kuwekewa mipaka, kwa mfano kutotumika katika msimu wa Krismasi treni zinapojaa. Muhimu ni mipaka hiyo ijulikane kabla ya abiria kulipa, na mfumo ukatae kuuza tiketi isiyofaa.

Msingi wa kisheria tayari upo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji wa huduma, zikiwemo za mashirika ya umma, haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidika nazo kikamilifu. Kifungu cha 54 huwahakikishia watu wenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma, nacho cha 57 hulinda haki za wazee.

Isitoshe, huenda Kenya isihitaji kadi mpya ya kuuzwa. Tiketi ya Madaraka Express tayari hununuliwa kwa nambari ya kitambulisho, na kitambulisho huonyesha umri. Watu wenye ulemavu waliosajiliwa na baraza lao la kitaifa wana kadi, na wanafunzi wana vitambulisho vya vyuo. Nafuu ikifungamanishwa na hati hizo, mzee wa Budalang'i ataipata kwa simu yake au katika kituo cha Huduma mjini Busia, bila kugharimika kwenda Nairobi kuomba kadi ya kumpunguzia gharama.

Ujenzi wa reli huchukua miaka, lakini kanuni za nauli zinaweza kuandikwa na kujadiliwa na umma kwa miezi michache. Vikao hivyo visiishie Nairobi, Kisumu na Malaba pekee. Vifike Port Victoria pia, ambako wananchi wamelipia reli kwa zaidi ya mwongo mmoja bila kuiona.