Mwani na Haja ya Mkulima

Shida haingoji baraza. Akina mama wa Kibuyuni, katika Kaunti ya Kwale, hulima mwani kwa sababu unga na karo havina subira. Bahari ikipwa hufunga mbegu kambani. Baada ya majuma sita hivi huvuna. Serikali nayo ina haja zake: yataka kazi kwa watu na fedha za kigeni. Ndiyo maana mwaka 2018 iliyaita mataifa Nairobi kuzungumza habari za uchumi wa bahari.

Lakini haja ikizidi, mkulima hachagui tena. Huko Unguja, ambako kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989, wengi waliacha mwani wa kottonii wenye bei nzuri, kwani hufa maji yakipata joto. Wakabaki na spinosamu, wenye bei ndogo. Tena mwenye njaa huuza leo, kwa bei aitakayo mnunuzi.

Basi, kuhimiza kulima hakutoshi. Yafaa Serikali imsaidie mkulima apate vichanja vya kuanikia na ghala, ili aweze kungoja bei. Nanyi wakulima, uzeni kwa chama, wala si kila mtu peke yake. Na sehemu ya mwani itengenezeni sabuni, kama wafanyavyo wenzenu wa Kibuyuni.