Mtoto ameomba kobayi: tufanye nini?



Katika makambi na makartiye yetu, siku moja mtoto anarudi kutoka kwa jirani, amefumbata kitu katika shati. Anafungua: ni kobayi. Ana manyoya, hana mkia, anapiga filimbi kidogo kidogo. Mtoto anasema: «Mama, banipatia bure. Tutaichunga, si ndiyo?» Mama anamwangalia baba, baba anaangalia pembeni. Mwisho wanaitika: «Sawa, lakini ni kazi yako.»

Hivyo ndivyo mnyama wa kwanza anavyoingia katika nyumba nyingi, bila mtu kuuliza anakula nini ao atalala wapi. Kwetu ilikuwa vilevile. Kwa hiyo mwezi huu nitawaelezea kwanza kosa letu, kisha yale tuliyojifunza, ili mtoto wako asilie kama wetu alivyolia.

KIANGAZI KILE

Mwaka 2017, katika mwezi wa tano, mtoto wetu wa pili alipata kobayi wawili, wote dike. Alikuwa na miaka tisa. Tuliwaweka katika sanduku la mbao. Mvua ilikuwa imekwisha, lakini kando ya mto majani yalikuwako bado. Kila jioni mtoto alileta fungu la majani, na makobayi wakisikia tu nyayo zake wanaanza kupiga filimbi. Sisi wote tulikuwaka tunacheka.

Ukafika mwezi wa nane. Ninyi wa upande wetu munaujua mwezi wa nane: pori limeungua, vumbi nyekundu iko kila mahali, na mtoto akitembea mbali anarudi mikono mitupu. Mimi mwenyewe nikasema: «Achana na majani. Pumba ya mahindi iko, bukari ya jana iko. Tumbo ikijaa, inatosha.» Makobayi wakala pumba, na tumbo likajaa kweli.

Wiki ya tatu mtoto akaniambia: «Baba, moja haitembee tena. Ukiigusa ku miguu, inalia.» Nikajibu kwamba ni baridi ya usiku, itapona. Sikuinuka kwenda kuangalia. Siku nne nyuma yake tukamkuta amekufa. Mwenzake alikuwa amekonda, manyoya yamesimama, viungo vya miguu vimevimba.

Ndipo nilipomwendea mzee mmoja wa kartiye yetu aliyefanya zamani kazi ya veterineri. Akaipapasa miguu polepole, akauliza ulizo moja tu: «Mara ya mwisho ilikula kitu kibichi ni siku gani?» Mimi sikuwa na jibu. Mtoto ndiye aliyejibu, akihesabu kwa vidole: siku ishirini na mbili.

Mzee hakutugombeza. Alituagiza tutafute matembele mabichi ya bustani, kila siku, na kipande cha chungwa. Baada ya wiki moja, yule aliyebaki alianza kutembea tena.

KOBAYI NA MTU WANA UHITAJI MMOJA

Wanyama wengi tunaowafuga, kama vile mbuzi, mbwa na kuku, wanajitengenezea vitamini C ndani ya mwili wao. Kobayi hawezi. Mtu pia hawezi. Ni lazima aipate katika chakula kila siku, maana mwili hauiweki akiba ya muda mrefu. Kobayi mzima anahitaji miligramu 10 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mwenye mimba anahitaji hata mara tatu.

Akiikosa wiki mbili ao tatu, anapata ugonjwa unaoitwa skorbiti. Viungo vinavimba na kuuma, fizi zinatoka damu, anaacha kutembea, kisha anaacha kula. Ni ugonjwa uleule uliowaua zamani mabaharia waliokaa miezi mingi baharini bila matunda wala mboga.

Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha makobayi nafaka peke yake, na makobayi wakapata ugonjwa huo wa mabaharia. Jambo hilo lilisaidia sana watu kuelewa kwamba skorbiti inatoka katika chakula. Kumbe kile walichofanya wao kwa uchunguzi, mimi nimekifanya katika lupango yangu kwa uvivu!

POSHO YA KILA SIKU

Msingi ni majani mabichi, asubuhi na jioni, mengi, hata yabaki kidogo. Meno ya kobayi hayaachi kukua maisha yake yote. Majani ndiyo yanayoyapunguza. Zaidi ya majani ongeza kila siku mboga mbichi: matembele, lengalenga, ao jani la shu. Pera na chungwa ni nzuri sana kwa vitamini C, lakini ni kipande kidogo tu, maana sukari nyingi inaharibu tumbo.

Pumba si mbaya, lakini ni nyongeza, haichukui nafasi ya majani. Majani yaliyokauka juani yanajaza tumbo na yanasaidia meno, lakini vitamini C yake kubwa imekwisha potea. Maji safi yawepo saa zote, katika chombo kizito asichoweza kupindua.

Usimpe sombe mbichi, maana ina sumu. Sisi wenyewe tunaitwanga na kuipika kwanza. Usimpe majani ya tomati, ya viazi vya kizungu wala ya avoka, wala kitunguu.

Na kiangazi? Kiangazi kinakuja kila mwaka, hakitushtukizi. Panda matembele mapema, hata mistari miwili karibu na mahali munapooshea vyombo; yakipata maji hayo kidogo yataendelea kuchipua. Sisi tunafanya hivyo tangu mwaka ule. Ukiona huwezi kupata kitu kibichi katika mwezi wa nane na wa tisa, afazali usimchukue mnyama.

ANGALISHO KWA SISI WA MIGODINI

Mtoto anakata majani mahali yalipo karibu. Kwetu sisi mara nyingi ni kando ya barabara ya malori ya madini, ao karibu na maji yanayotoka kiwandani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, katika Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Kama vumbi na udongo vinatuingia sisi, itakuwa namna gani kwa mnyama anayekula majani ya pale kutwa nzima?

Basi mwonyeshe mtoto mahali pa kukata: mbali na barabara kubwa, mbali na malundo ya takataka za madini, mbali na maji yenye rangi. Oshe majani, akungute maji. Lakini ajue kwamba kuosha kunatoa vumbi la juu tu. Kile ambacho mizizi imevuta kutoka udongoni hakitoki. Na kama kobayi ataliwa, jambo hili linatuhusu sisi pia.

NYUMBA YAKE

Kobayi wawili wanatoshwa na sanduku la metre moja kwa sentimetre 60. Kobayi hapandi ukuta, lakini paka, panya na nyoka wanapanda. Kwa hiyo weka mfuniko wa waya, na uinue sanduku juu ya miguu. Sakafu iwe ya mbao yenye majani makavu, si ya waya, maana waya inaumiza nyayo. Badilisha majani hayo mara mbili kwa wiki. Takataka yake ni mbolea nzuri kwa yale matembele.

Wengi wanawaweka jikoni chini ya meza. Kuna joto, ni kweli, lakini moshi wa makala na kuni unawaharibu mapafu. Mahali pema ni penye hewa, pasipo upepo wa moja kwa moja. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kwetu: ongeza majani makavu wajifukie. Mwezi wa kumi jua ni kali: usiache sanduku chini ya manjanja bila kivuli, maana joto la kupita digri 30 linaweza kumuua.

Kobayi hapendi kukaa peke yake. Wawili ni vizuri, nao wawe dike wawili kama hutaki kuzalisha. Madume mawili yenye dike karibu yatapigana.

KUMSHIKA, KUZAA, NA DAWA

Mtoto akae chini anapomshika. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako. Usimwinue kwa shingo wala kwa mguu. Akianguka kutoka mikononi mwa mtu aliyesimama anaweza kuvunjika. Kisha kumshika, mtoto anawe mikono na sabuni. Ukiona mahali pasipo manyoya na ngozi yenye magamba, usimshike ovyo, maana ukungu wa ngozi unapita kutoka kwa kobayi hata kwa watoto.

Mimba inachukua siku 59 hata 72. Wanazaliwa mara nyingi wawili, watatu ao wanne, wenye manyoya, macho wazi na meno! Siku chache tu wanaanza kuonja majani. Angalia: mama anaweza kupata mimba tena siku ileile ya kuzaa, kwa hiyo dume liondolewe mbele. Wakifika wiki tatu tenga madume madogo. Asiyefanya hivyo, baada ya mwaka mmoja hajui tena hesabu ya sanduku lake.

Na hili wazazi mulishike sana: kobayi akiugua, usimpe peniciline, ampisiline wala amoxicilline ya nyumbani. Dawa hizo zinazomsaidia mtu zinaua vijidudu vyema vya tumbo la kobayi, na zinaweza kumuua yeye mwenyewe. Mpeleke kwa veterineri.

NI YA MOYO AO YA CHUNGU?

Miezi mingi nyuma ya hayo, yule aliyebaki alikuwa mnene, na mtoto alimpa jina. Siku moja yomba wake akaja kututembelea. Akaangalia sanduku, akasema kwa furaha: «Kumbe muko na nyama! Leo tutakula muzuri.» Mtoto hakusema neno. Tulipomtafuta wakati wa chakula, tulimkuta nyuma ya choo, amelikumbatia sanduku.

Yomba hakukosa. Watu wengi wa inchi yetu wanafuga kobayi kwa nyama, na katika milima ya Peru, kule alikotoka mnyama huyu, wanamfuga kwa chakula tangu maelfu ya miaka. Aliyekosa ni mimi. Sikumwambia mtoto hata siku moja kama mnyama huyu ni wa moyo ao wa chungu. Siku ile tulikula samaki. Yomba alinicheka kidogo, lakini alikula.

Kesho yake tulikaa sisi watatu, mama, mtoto na mimi, tukapatana: yule aliyepona hataliwa. Watakaozaliwa, ikiwa tutaleta dume, watauzwa ao wataliwa, na mtoto atajua tangu siku ya kuzaliwa kwao. Mtoto aliitika. Alilia kidogo, lakini aliitika, kwa sababu tulimwambia kweli. Mtoto anaweza kubeba kweli. Kile kinachomuumiza ni kugundua katika sahani.

MBELE YA KWENDA MASOMO

Tulimwambia mtoto: «Ni kazi yako.» Lakini siku alipokuja kusema «haitembee tena», alikuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyeacha yangu. Mtoto anaona, mzazi anapaswa kuinuka. Siku hizi kwetu kila asubuhi mtoto anaangalia mambo matatu: Je, amekimbilia majani? Anatembea sawa? Mavi yake ni makavu na mengi kama jana? Na kila siku ya posho anampima kwa mizani ya mama wa dukani, anaandika katika kaye. Mnyama anayekonda wiki mbili zikifuatana ni mgonjwa, hata kama anapiga filimbi. Jibu likiwa baya, ananiita, na mimi ninaacha chai yangu.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika lupango yetu, majani mabichi ya mwezi wa nane yatatoka wapi?
2. Mnyama tuliye naye ni wa moyo ao wa chungu? Watoto wanajua?
3. Mara ya mwisho mtoto alipotuambia «kuna kitu hakiendi», nani aliinuka?

Tuonane mwezi ujao.